Kufunguliwa kwa Minodora

Msonobari uliomuua Silvestru haukuwa mkubwa. Wakata miti wenzake waliokuwa naye msituni walilirudia hilo kila mara siku ya mazishi, kana kwamba mti mkubwa ungekuwa na haki zaidi. Ulikatwa vizuri ukaanguka upande uliotakiwa, ila tawi lake lilinasa kwenye mti mwingine, shina likajizungusha na kumpiga kifuani. Walimshusha kijijini kwa mkokoteni wa farasi, ule ule wa kubebea magogo. Mkewe, Minodora, alikuwa anakanda unga. Aliosha mikono kwanza, ndipo akatoka uani.

Katika kanisa la walokole la kijiji cha Fundoaia, Minodora ndiye aliyekuwa akiitwa penye shida. Mtoto akishikwa na homa, mume akianza kurudia chupa, ng'ombe akishindwa kuzaa, watu walisema mwiteni dada Minodora aombe. Hakuwa na sauti kubwa. Aliomba kama mtu anayezungumza na mwenzake waliyezoeana, na waliomsikia walipata hisia kwamba upande wa pili kuna mtu ameweka kazi chini ili amsikilize.

Baada ya mazishi, maombi yalimkauka. Alipiga magoti kando ya kitanda kama alivyozoea, akafungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Hakumkasirikia Mungu. Angemkasirikia, angalau angekuwa na la kumwambia. Alikaa pale mpaka magoti yakamuuma, kisha akainuka akaenda kupika ugali. Aliupika wa watu wawili, akala kidogo, uliobaki akawapa kuku.

Mwanawe Iosua alikuwa Italia, akijenga nyumba za watu. Alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada na kuuliza kama mama amekula. Mama alisema amekula. Kisha wote wawili wakanyamaza, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake, mpaka Iosua aseme kwamba anaitwa.

Kule zizini ndiko alikoanza kuongea. Ilianza kwa bahati tu. Ng'ombe alirusha teke wakati wa kukamuliwa, naye, bila kufikiri, akasema, "Silvestru, mshike huyu." Neno likakaa hewani. Alijisikia nafuu kidogo, kama mtu aliyelegeza kiatu kinachombana. Kesho yake alimwambia Silvestru kwamba mvua imewahi na majani ya ng'ombe yataoza. Siku nyingine alimtania juu ya kofia yake ya zamani ambayo panya walikuwa wameifanya nyumba, akacheka peke yake, paji la uso akiwa ameliegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe. Hakutegemea jibu wala hakulisikia. Akishamaliza kukamua alinyamaza, akaingia ndani, na siku ikaendelea.

Rahila alimsikia akicheka. Rahila na Minodora walibatizwa siku moja, mtoni, wakiwa wasichana wanaotetemeka kwa baridi, na tangu hapo hapakuwa na chungu cha jamu ambacho mmoja alipika bila mwenzake kuonja. Siku hiyo alikuwa amekuja kuazima ungo. Alisimama nje ya mlango wa zizi, akalisikia jina la marehemu, akasikia kicheko, akarudi nyumbani bila ungo.

Hakuwa mtu mbaya. Kwao ilifundishwa hivi: aliyekufa yuko kwa Bwana, harudi, wala hasemi na mtu, na ukimwita, atakayeitika ni mwingine aliyevaa sauti yake. Rahila alilibeba jambo hilo siku kadhaa, hakulala vizuri, mwishowe akampelekea mchungaji Gherasim huku akilia. Alisema anampoteza rafiki yake.

Kiangazi hicho kanisa lilimpokea mwinjilisti kutoka mjini Suceava, ndugu Natanail. Alikuwa kijana mwembamba mwenye koo bovu, na kila mara alisimama kunywa chai katikati ya mahubiri. Alifundisha juma zima juu ya mtu na yale yasiyoonekana. Mtu ni roho, alisema; ana nafsi, naye anakaa ndani ya mwili. Roho ndicho chumba cha ndani kabisa, ambamo Mungu anaingia kukutana na mtu. Na kuna nguvu nyingine zinazozunguka nyumba zikitafuta pa kuingilia. Hazivunji mlango. Zinangoja uuache wazi wewe mwenyewe, kwa hasira, kwa woga, au kwa huzuni usiyotaka imalizike.

Minodora alikaa upande wa wanawake akisikiliza kwa makini. Mafundisho yale aliyapenda. Alihisi yule kijana ameingia nyumbani kwake, amepita sebule na jikoni, sasa amesimama mbele ya chumba kile ambacho hata yeye mwenyewe hakikumfungukia tena. Alianza kujiuliza. Labda ni kweli kuna kitu kimekaa mlangoni. Labda ndiyo maana maneno hayatoki.

Kwa hiyo, mchungaji alipomwita mbele Jumapili ya mwisho, alikwenda bila kusukumwa. Ndugu Natanail aliinama, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli anazungumza na mumewe.

"Kweli," Minodora akasema.

"Na yuko anayekujibu?"

"Hakuna. Angekuwapo wa kunijibu, ningekuwa mpweke hivi?"

Kijana alimtazama kidogo kabla ya kuendelea. Alimwomba akane kwa kinywa chake kila mawasiliano na wafu, naye akakana. Walimwekea mikono kichwani, mchungaji, mwinjilisti na wazee, wakakemea. Mwinjilisti alitokwa jasho. Kanisa zima liliomba kwa sauti mpaka vioo vikawa vinatetemeka. Minodora alisimama katikati ya mikono ile mizito yenye joto, akangoja. Alitamani sana kitu kitokee. Alitamani aanguke, alie, atapike, hata apige kelele kama mwendawazimu, mradi kiwe kimetoka. Hakuna kilichotoka, kwa sababu hakuna alichokikuta ndani zaidi ya kumkosa mtu.

Mwishoni mwinjilisti alifuta uso kwa leso, akasema pepo bubu ndio wagumu. Hakusema kwa ubaya. Alisema wasichoke kumwombea.

Kuanzia hapo hakuna aliyemfukuza mahali. Watu walimsalimu, "Amani, dada," wakapita. Jibini yake, iliyokuwa ikinunuliwa kabla haijakauka vizuri, ilianza kubaki. Wanawake waliokuwa wakimletea wagonjwa aombe walipita mbele ya lango lake kwenda kwa mwingine. Mchungaji Gherasim, huku akikwepa macho yake, alimwomba asishiriki Meza ya Bwana kwa sasa, mpaka afunguliwe. Siku ya Meza, wanawake walipokwenda chumba cha nyuma kuoshana miguu wawili wawili, Rahila, mwenzi wake wa miaka yote, alimshika mkono mwanamke mwingine. Minodora alibaki kwenye benchi na soksi zake miguuni, akisikiliza maji yakimiminwa upande wa pili wa ukuta.

Aliyebaki kuongea naye ni jirani yake Maranda, mjane wa upande wa pili wa ua. Maranda alikuwa Mwothodoksi, mdomo wake haukuwa na kifuniko, na walokole aliwaona watu waliojinyima raha bure.

"Kumbe wewe ndiye mwenye shetani siku hizi," alimwambia kutoka kwenye miti yake ya plamu. "Mimi nakunywa, natukana, Ijumaa nakula nyama nikisahau, na hajawahi hata kunibishia hodi. Ameenda kwako wewe unayekunywa maji."

"Usifanye mzaha, Maranda."

"Sifanyi. Nimemwashia Silvestru wako mshumaa kanisani kwetu. Najua kwenu ni dhambi, kwa hiyo usinishukuru."

Minodora hakumshukuru. Aliingia ndani akafunga mlango, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na alipomaliza hakuwa na wa kumwambia kwamba amelia. Hata zizini alikuwa amenyamaza. Alikuwa amekana mbele ya Mungu, na ahadi ni ahadi. Alikamua kimya. Ng'ombe aligeuza shingo kumtazama.

Vuli ilipofika, ndugu Natanail alirudi kwa sikukuu ya mavuno. Mbele ya mimbari walipanga maboga, zabibu na mkate mkubwa uliosukwa. Minodora hakuwa amepanga lolote. Baadaye alijiuliza sana kama alipanga, na kila mara jibu lilikuwa kwamba hapana. Alikuwa amechoka tu. Walipomwita tena mbele na mikono ikamshukia kichwani, alisikia mkono mmoja mdogo, mkavu, ukimshika begani. Ulikuwa wa Rahila. Miezi ilikuwa imepita bila mtu kumgusa. Magoti yake yalilegea kidogo, kwa ule mguso tu, na mwinjilisti akasema kwa nguvu, "Anatoka."

Basi akajiachia. Aliangusha mwili wake sakafuni, akalia kwa sauti, akatikisa kichwa mpaka kitambaa kikamtoka. Hata kilio kile alikijua kuwa ni cha kuigiza, ingawa machozi yalikuwa ya kweli. Watu walipaza sauti za kumsifu Mungu. Rahila alimwinua, akamkumbatia, akamlowesha shingo kwa machozi. "Umerudi," alisema. "Dada yangu, umerudi."

Alirudi kweli. Jibini ilinunuliwa. Rahila alimletea pai za kabichi zikiwa bado za moto. Aliosha miguu na kuoshwa. Alialikwa kusimulia ushuhuda wake katika kanisa la kijiji jirani, kisha lingine, na kila aliposimulia aliongeza jambo dogo, kwa sababu watu waliuliza na ilibidi ajibu. Kilikuwaje kabla? Kizito. Kilitokaje? Kama upepo wa baridi. Walimtazama kwa furaha, naye akiwa katikati yao, amezungukwa, aliona hakuna hata mmoja anayemtazama yeye. Walikuwa wanamtazama mwanamke mwingine waliyemtengeneza kwa pamoja.

Na jambo moja lilimtisha. Siku zile walipomwambia ana kitu ndani, alijitafuta na hakukiona. Sasa waliposema hana, alikisikia. Kilikuwa kidogo na baridi, na kilikaa mahali pale pale ambapo zamani maombi yalitokea. Hakikuwa na sauti ya Silvestru. Kila alipoinuka kushuhudia, kilijinyoosha kama paka aliyeshiba. Minodora alikuwa amesikia mafundisho yale yote, na akili yake ilikuwa nzima. Alijua ameuacha mlango wazi kwa mkono wake.

Theluji ikaanguka, ikazika ua wote. Katikati ya baridi hiyo mkwe wa Rahila, Tabita, mke wa mwanawe, alijifungua mtoto wa kike aliyekwisha kufa tumboni. Walimzika haraka, bila jina, pembezoni mwa makaburi. Tangu siku hiyo Tabita alikaa dirishani. Hakupika wala kusuka nywele, na alipoulizwa jambo alijibu baada ya muda mrefu, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Mumewe alikuwa mpole, lakini hakujua la kufanya, akawa anapasua kuni ambazo tayari zilikuwa nyingi. Usiku, Rahila alisema, Tabita ananong'ona.

"Ni kama ulivyokuwa wewe," Rahila akamwambia Minodora. "Mwinjilisti atakuja juma lijalo. Nataka umwandae. Mwambie ulivyofunguliwa, asiogope."

Minodora alikwenda mchana, theluji ikimfika magotini. Rahila alimfungulia chumba, akawaacha peke yao, akaenda jikoni. Tabita alikuwa amekaa karibu na jiko, mikono mapajani, matiti bado yakivuja maziwa na kulowesha blauzi. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha namna ya kuyafunga. Minodora alitafuta kitambaa kirefu kabatini, akamfunga taratibu, akamvisha blauzi kavu. Ndipo akaketi.

Tabita ndiye aliyeanza. "Shangazi, pepo lilipokuwa linatoka, ulisikia nini?"

Minodora alifungua kinywa aseme upepo wa baridi. Neno hilo alikuwa ameshalisema makanisani, lilikuwa limekwisha lainika ulimini. Alimtazama yule msichana, aliyekuwa anamngoja kwa hofu kubwa, na akajua kwamba akilisema hapa, kile kitu kitakaa ndani yake yeye mpaka afe, na kingine kama hicho atakuwa amekipanda kwa mtoto wa mwenzake.

"Sikusikia kitu," akasema. "Nilijiangusha mwenyewe."

Tabita aligeuka.

"Hakukuwa na pepo, mwanangu. Nilikuwa namkosa mume wangu. Nikachoka kukaa peke yangu, nikawapa walichokuwa wanakitaka."

"Mimi huwa nazungumza naye," Tabita akasema. "Mtoto. Nilimpa jina. Anaitwa Damaris. Mama mkwe anasema hakupumua, kwa hiyo hana jina. Ni dhambi?"

"Sijui kila kitu. Ila Bwana mwenyewe alisimama kaburini kwa rafiki yake akalia, na hakuna aliyemkemea. Roho yako inamtafuta mtu wake. Ingekuwa haimtafuti, hapo ndipo ningeogopa." Akawaza kidogo. "Usimwombe Damaris akujibu. Hayuko karibu. Mwambie Mungu umwambialo Damaris. Mwambie hata kama ni matusi. Na kama hayatoki, kaa tu. Mimi ndivyo ninavyokaa."

"Na wewe, Mungu anakujibu?"

"Bado," Minodora akasema.

Tabita alianza kulia, kilio kibaya kisicho na adabu, na Rahila akaja mbio kutoka jikoni akidhani kazi ya kufunguliwa imeanza. Minodora alimwambia ukweli wote hapo hapo, mlangoni. Hakulizungusha. Rahila alimsikiliza mpaka mwisho, uso wake ukizidi kuwa mweupe.

"Nilikushika bega," akasema. "Nilisikia likitoka. Nilisikia kwa mkono wangu huu."

"Ulisikia magoti yangu yakilegea kwa sababu ulinigusa."

"Toka nyumbani kwangu," Rahila akasema, bila kupandisha sauti.

Jumapili iliyofuata Minodora alisimama kanisani, palepale alipozoea kushuhudia, akasema ameudanganya mkutano na kumsingizia Mungu, na anaomba msamaha. Alisema maneno machache. Hakumtaja mwinjilisti. Aliporudi kukaa, benchi lake lilikuwa tupu pande zote, na hapakuwa na aliyesema amina.

Mchungaji Gherasim alimfuata nyumbani siku chache baadaye kumpa uamuzi wa wazee. Aliyakuta magogo hayajapasuliwa, akachukua shoka bila kuulizwa, akazungumza huku akipasua, pengine ili asimtazame. Walikuwa wamemweka chini ya nidhamu, bila Meza na bila kusimama mbele, mpaka hapo watakapoona inafaa. Ndugu Natanail alipigiwa simu, akasema hatakuja majira haya. Anaumwa koo.

"Mwambie simlaumu," Minodora akasema. "Alichofundisha kuhusu mlango ni kweli. Alikosea tu kuhusu nani alikuwa ndani."

Mchungaji aliliacha shoka kwenye gogo. "Na sasa? Kuna kitu?"

"Kilikuwapo. Kiliingia nilipoanguka pale mbele mkashangilia. Jumapili niliposimama, kilitoka. Safari hii hakuna aliyekikemea, wala hakuna aliyeona."

Gherasim alivuta kofia masikioni. Alikuwa amechunga kanisa lile tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na mtu angeweza kuona kwamba anaamini, na kwamba imani hiyo inamsumbua. "Hayo usiyaseme kanisani bado," akasema hatimaye. Alimalizia kupasua kuni zote, akazipanga ukutani, akaenda zake.

Rahila hakurudi. Walipokutana barabarani alitazama mlima. Tabita alianza kula, akasuka nywele, na siku barafu ilipoyeyuka mumewe alimchongea kibao kidogo cha msonobari chenye herufi za Damaris, akakisimika mwenyewe pembezoni mwa makaburi, mama yake akiwa ameingia ndani ili asione. Mara nyingine Tabita alipitia kwa Minodora. Walikuwa wanakaa wakimenya viazi.

Lakini kiangazi kilipoanza, Tabita na mumewe waliamua kwenda Italia, alikokuwa Iosua, kutafuta kazi. Asubuhi ya safari gari dogo la abiria liliwangoja barabarani, injini ikiunguruma. Tabita alikuja mbio mpaka langoni, akiwa na koti jipya lililomzidi mabega.

"Niombee, shangazi," akasema. "Kwa sauti, nisikie."

Minodora alimshika mikono. Alifumba macho, akangoja, kama alivyongoja asubuhi nyingi kando ya kitanda. Dereva alipiga honi.

"Bwana," akasema. Akakwama. "Huyu ni Tabita. Anakwenda mbali. Unamjua." Hakupata zaidi ya hapo. Ila maneno yale machache hayakutoka ulimini, yalitoka ndani kabisa, yakimkwaruza, na alipofumbua macho alikuwa anatetemeka kama msichana aliyetoka mtoni.

Tabita alimbusu mkono akakimbia. Gari liliteremka likapotea kwenye kona ya mto. Rahila alikuwa amesimama langoni kwake, mbali, akipunga kitambaa kwa gari ambalo halikuonekana tena. Wanawake wale wawili walibaki na barabara tupu kati yao. Minodora alingoja kidogo, kama angegeuka. Rahila aliingia ndani.

Mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya misonobari, na majani ya ng'ombe aliyoyakata jana yalikuwa bado yametandazwa shambani yakauke. Minodora alichukua reki akapanda mlimani peke yake.